Jina Ambalo Sikulichagua

Vijana watatu mlionijia wiki iliyopita kutoka Kimandolu, shikamoo zenu nilizipokea na sukari mliyoniletea ninaendelea kuinywa. Lakini swali lenu sikulijibu. Mlisema mgombea wenu wa udiwani kaangushwa kwenye kura za maoni, na sasa katibu anataka mpande gari la matangazo mkamnadi huyohuyo aliyemwangusha. Mkaniuliza, "Bibi, tunafanyaje?" Nikawamiminia chai, nikaanza habari za mvua. Nadhani mliondoka mkisema bibi kazeeka. Nimezeeka kweli, ila si uzee ulioninyamazisha. Mliuliza jambo ambalo hata mimi huwa nalikwepa. Leo nalijibu kwa kalamu, maana kwa mdomo nitaishia katikati.

Wengi wananijua kwa jina la Mama Idi. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa katibu mwenezi wa chama chetu katika kata moja huku kwenye miteremko ya Meru. Kazi ya mwenezi mnaijua: mkutano ukiwepo, wewe ndiye unayewaambia watu, mgombea akipanda jukwaani, wewe ndiye umemkaribisha. Siku hizi mnafanya nusu ya kazi hiyo kwa simu, kundi la watu mia mbili mnalifikia mkiwa mmelala kitandani. Sisi tulikuwa na pikapu, betri, spika mbili za tarumbeta na koo.

Aliyenifundisha ni Mzee Loishiye, mwenezi aliyenitangulia. Mtu mrefu, mkavu, anayesema maneno machache kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema. Alinifundisha kushika maikrofoni kwenye kidevu, si mdomoni, ili pumzi isitoe mlio wa upepo. Alinifundisha kwamba gari likipanda mlima usitangaze, injini inakula maneno. Panda kimya, tangaza ukishuka. Mahali na saa ya mkutano vitaje mara mbili, jina la mgombea mara tatu. Huku mlimani watu wako shambani, wako mbali, kwa hiyo vuta maneno. Mwaka mmoja nilipoazimwa kwenda kusaidia Sombetini niliyavuta vilevile, na kijana mmoja wa bodaboda akanipita akipiga kelele, "Mama, malizia basi, nina abiria!" Kule nilijifunza kusema sentensi moja na kunyamaza.

Nilikosea sana. Mara ya kwanza kupanga mkutano peke yangu niliupanga kijiji kimoja cha kule bondeni, upande wa Nduruma, saa tisa alasiri, bila kuuliza zamu za maji. Kumbe siku hiyo mfereji ulikuwa zamu yao. Nani aache maji yapite shambani kwake aje kusikiliza hotuba? Mgombea alihutubia watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuja naye. Tangu hapo sikupanga mkutano popote bila kuuliza kwanza nani anamwagilia lini.

Kosa jingine halichekeshi. Nilipita na muziki juu kabisa mbele ya nyumba yenye msiba. Sikuona turubai, nilikuwa nasoma karatasi yangu. Mzee Loishiye alimwambia dereva asimame, akazima mashine, akaniambia, "Shuka. Rudi kwa miguu ukaombe radhi, kisha ukae mpaka wazike." Nilikaa. Nilimenya ndizi na akina mama nisiowajua mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Na hapo ndipo nilipokutana na Mwalimu Elirehema.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mkabala na mimi, ana kisu kikali kuliko cha kila mtu. Akaniuliza, "Wewe si ndiye uliyepita na zile ngoma?" Nikasema ndiyo, nimekuja kuomba radhi. Akanitazama, akasukuma rundo la ndizi upande wangu. "Basi omba radhi na hizi pia."

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba alitoka Kondoa akauza nguo mjini Arusha, nami nikaolewa na fundi baiskeli mwenye kibanda huku juu. Elirehema alikuwa Mmeru wa hapahapa, binti wa mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kahawa na migomba aliyoachiwa na mama yake. Hatukuwa na sababu ya kuwa marafiki. Lakini Idul Fitri hakukosa kwangu, na Krismasi sikukosa kwake. Alipojiunga na chama tulizunguka pamoja vijiji vyote vya kata. Mimi nilitangaza, yeye alikaa na akina mama akiwasikiliza. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na humo aliandika shida za zahanati yetu: mama gani alijifungulia njiani, nani alibebwa kwa machela mpaka barabara ya lami, mwezi gani. Alitaka kitu kimoja tu katika siasa, wodi ya wazazi pale zahanati. Alipostaafu ualimu akasema, "Mama Idi, nagombea udiwani. Utanitangaza?"

Nikacheka kwa furaha. Nilikuwa nimewatangaza wanaume kwa miaka yote, baadhi yao hata hawakujua jina la kijiji walichosimama. Sasa ningemtangaza mtu ninayemjua mpaka namna anavyokunywa chai. Sheria ilikuwa mwenezi asipendelee mtu kabla ya kura za maoni, na hadharani sikupendelea. Lakini moyoni nilishaandaa maneno. Nilikuwa nayasema nikifua, nikichambua maharage, nikitembea kwenda kisimani.

Waliogombea walikuwa wanne. Aliyemtia Elirehema hofu alikuwa mmoja, Zakayo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanaume wa miaka arobaini hivi, mchangamfu, anayesalimia kila mtu kwa jina. Elirehema alimfundisha darasa la tatu. Siku ya kura, wajumbe walijaa ukumbini, na wagombea walisimamishwa mbele mmoja mmoja waulizwe swali lile la kila mara: "Ukishindwa, utamuunga mkono atakayeshinda?" Zakayo alisema ndiyo. Wa pili na wa tatu wakasema ndiyo. Elirehema alisema, "Ndiyo, na naomba wenzangu wakumbuke kwamba wamesema." Ukumbi ukacheka na kupiga makofi.

Kura zilihesabiwa mezani mbele yangu. Niliziona zote, moja moja, zikifunguliwa. Zakayo alimzidi Elirehema kwa kura tisa. Nikasaini karatasi kama shahidi. Nilisaini kwa sababu nilichokiona ndicho kilichoandikwa.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake. Ilikuwa msimu wa kuvuna, naye alikuwa kati ya mibuni na kikapu kiunoni, anachuma kana kwamba amekodiwa. Hakuacha kuchuma.

"Wanasema wajumbe walipewa kanga," aliniambia.

"Nimesikia hivyo pia."

"Wewe uliona?"

"Sikuona kanga, Mwalimu. Nilichoona ni kura."

Akageuka. "Kwa hiyo hawakuniibia?"

Wanangu, hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko yote. Ningeweza kusema sijui. Neno dogo hilo, sijui, lingenibakishia rafiki. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye ile meza.

"Hawakukuibia," nikasema. "Umeshindwa."

Buni nyekundu moja ikamponyoka mkononi, akaiinamia, akaiokota, akaitia kikapuni. "Wewe ndiye unayeniambia hivyo," alisema. Haikuwa swali. Akarudi kwenye mibuni yake, nami nikashuka mlima peke yangu.

Siku hizo mbili tatu zilikuwa chafu. Watu waliompenda walikuja kwangu wakiwa wamekasirika. Mmoja alitaka niandike barua ya kukataa matokeo, nikamkumbusha kwamba saini yangu iko kwenye hayo matokeo. Mwingine alisema tukapige kura za hasira, tuiharibu karatasi, chama kijifunze. Kisha nikasikia jambo zito zaidi. Chama kingine kilikuwa kimemwendea Elirehema, kikamwambia nafasi ya kugombea ipo, achukue fomu tu.

Aliniita. Safari hii alinikaribisha ndani, akanitengea chai, na nikajua kwamba ana neno.

"Nikienda," alisema, "unakuja?"

Nilitazama ukuta. Palikuwa na kalenda ya kanisa na picha yake akiwa na darasa lake la mwisho. Nilikuwa nimeota kumtangaza mwanamke huyu, na sasa alikuwa ananipa nafasi hiyo. Nilichotakiwa kufanya ni kubadilisha rangi ya kitenge.

"Mwalimu," nikamwambia, "ulisema ndiyo mbele ya ukumbi mzima. Ukawaambia na wenzako wakumbuke."

"Nilidhani nitashinda."

"Wote walidhani hivyo."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Kwa hiyo huji."

"Siji. Na ningekuomba na wewe usiende. Lakini ukienda, sitakusema vibaya popote. Nitamtangaza mwingine, basi."

"Huyo Zakayo?"

"Ndiye wa chama."

Alichukua kikombe changu kikiwa bado na chai, akakipeleka jikoni. Katika miaka yote ya urafiki wetu hakuwahi kuniondolea kikombe kabla sijamaliza. Nikaelewa, nikaaga.

Hakwenda. Fomu hakuichukua. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno yangu, au ya kanisa lake, au ya watoto wake. Sikuwahi kumuuliza na yeye hakuwahi kusema. Lakini mlango wake tangu siku ile ulifunguka nusu tu.

Zakayo alikuja kwangu siku ya nne. Alikuja kwa miguu, peke yake, na hilo nililihesabu upande wake wa mema. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akakaa kwenye benchi la fundi baiskeli, akageuza kofia mikononi.

"Najua mama hukuwa upande wangu," alisema.

"Mimi ni mwenezi. Sina upande."

"Mama Idi, kata nzima inajua."

Nikashindwa kujizuia, nikatabasamu. Akaniambia hana ujanja, sauti inayojulikana mlimani ni yangu, na nikikaa kimya watu watajua maana ya kimya hicho. Nilimwomba siku mbili. Nawaambia na nyinyi: ombeni siku mbili tatu. Anayewaambia mfurahi leoleo hajawahi kupenda mgombea. Lieni, lalamikeni ndani, fueni nguo zote za nyumba kama nilivyofua mimi. Lakini siku mlizoomba zikiisha, ziishe. Msipande gari mkiwa mmenuna, mnamtaja mtu jina lake kama mnataja ugonjwa. Watu wanasikia. Spika hukuza kila kitu, hata kinyongo.

Siku zangu mbili zilipokwisha, asubuhi nilipanda gari. Mzee Loishiye alikuwa ameshafariki, ningempa chochote aniambie namna ya kulifanya hilo. Nilimtaja Zakayo mara tatu, mahali na saa mara mbili. Nilipanda kimya, nikatangaza nikishuka. Tulipokaribia shamba la Elirehema nilifikiria kuzima mashine. Sikuzima. Haikuwa nyumba ya msiba, na kuizima kungekuwa kuitangazia kata kwamba ni msiba. Nilipita nikisema maneno yaleyale kwa sauti ileile, na sikugeuza shingo.

Sasa nawasimulia aibu yangu kubwa kuliko ile ya maji. Uzinduzi wa kampeni ulikuwa uwanja wa shule, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Ngoma zimepigwa, viongozi wameketi, Zakayo amevaa shati jipya. Nikachukua maikrofoni. Koo lilikuwa zuri siku hiyo, nilihisi sauti inapanda mpaka msituni. Nikasema, "Wananchi, simameni! Mpokeeni mgombea wenu, mtoto wa mlima huu, anayezijua shida za mama zetu, Mwalimu Elirehemaaa!"

Yale maneno niliyoyafanyia mazoezi miezi mingi nikifua nguo, yalitoka yenyewe.

Uwanja ulilipuka. Wengine wanacheka, wengine wanashangilia kwelikweli, akina mama wa vijiji vya juu wanapiga vigelegele. Katibu wa kata alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nilidhani nimekiua chama na nimejiua na mimi.

Zakayo akanyanyuka, akaja, akaichukua maikrofoni mkononi mwangu taratibu. Akasubiri kelele zipungue. Akasema, "Mama Idi hajakosea sana. Mwalimu Elirehema alinifundisha kusoma. Angekuwa yeye hapa leo, mimi ningekuwa pale chini napiga makofi, maana niliahidi. Shida za mama zetu anazijua kuliko mimi. Nikichaguliwa nitakwenda kumuuliza." Kisha akanirudishia maikrofoni na kuninong'oneza, "Haya mama, sasa na mimi nitaje kidogo." Nikamtaja. Na nikiwa namtaja safari ile, ndipo kwa mara ya kwanza nilimaanisha.

Baada ya mkutano nilimwambia, "Umesema ukichaguliwa. Usisubiri hapo. Nenda sasa, asubuhi, bila msafara, bila shati la chama. Na usimwombe aje jukwaani." Hili pia lishikeni. Mgombea wenu aliyeshindwa msimburute jukwaani kupigwa picha akiinuliwa mkono. Mwacheni apumue. Akija mwenyewe, mpeni kiti. Asipokuja, msiseme kitu.

Alikwenda. Aliniambia alibaki pale kwa saa mbili nzima, amesimama muda wote kwa sababu Mwalimu hakumwambia aketi. Alitoka na orodha ndefu ya mambo ya zahanati, kwa mwandiko wake mwenyewe, kama mwanafunzi aliyeandikishwa imla. Jukwaani Elirehema hakupanda hata siku moja. Na mimi sikumfuata.

Siku ya kupiga kura nilijipanga mapema, nimevaa gauni la kawaida na ushungi mweusi, maana pale kampeni zimekwisha. Nikamwona mbele yangu, watu sita hivi kati yetu. Alikuwa amejifunga kanga mbili na kufunga kilemba kama anakwenda kanisani. Alipiga kura, akatoka akipita kando ya mstari, kidole kina wino. Alipofika usawa wangu akasimama. Wiki kadhaa za kutangaza zilikuwa zimenimaliza, nilipotaka kumsalimia ulitoka mkwaruzo tu.

"Sauti yote umeimaliza," alisema. "Chemsha tangawizi. Usitie sukari."

Akaenda zake. Alimpigia nani sijui. Nilisimama kwenye mstari ule machozi yananitiririka, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nimefiwa.

Zakayo alishinda. Amekuwa diwani wa namna gani? Wa kawaida. Barabara aliyoahidi haikumalizika, na vikao alivichelewa. Lakini wodi ya wazazi ilijengwa. Siku ya kufunguliwa Elirehema alikuja, akakaa safu ya pili, na alipoitwa kusema neno alisema dakika moja tu: kwamba mlango ni mwembamba, machela itagonga. Ukapanuliwa.

Na sisi wawili? Tulisalimiana. Tulizikiana ndugu, tulipelekeana pilau na ndizi sikukuu zilipofika. Mume wangu alipofariki alikuwa wa kwanza kufika, na alilala kwangu wiki nzima kwenye mkeka. Lakini hatukuzunguka tena vijiji pamoja. Hakunisomea tena daftari lake. Alinisamehe, nadhani, ila mtu anaweza kukusamehe na bado asirudi mahali alipokuwa. Hili hakuna katibu atakayewaambia, kwa hiyo nawaambia mimi. Mkimuunga mkono wa chama mtakuwa mmefanya sawa, na huenda bado mkapoteza mtu. Ningerudishwa kwenye ile meza ningesaini tena. Ningerudishwa kwenye ile mibuni ningesema tena umeshindwa, labda kwa sauti ya chini zaidi, labda ningechukua kwanza kikapu nimsaidie kuchuma.

Hivyo pandeni hilo gari. Mtajeni mara tatu.

Mimi nimestaafu, uenezi anao binti mmoja mwenye simu mbili. Elirehema mlima ulimshinda kwa sababu ya magoti, mwanawe akamchukua Dodoma. Hupiga Jumapili akitoka ibadani. Jumapili iliyopita aliniuliza kama mvua imenyesha, nikasema imenyesha. Akauliza kahawa yake nani anapalilia, nikamwambia. Akauliza kura za maoni zimekwendaje, nikamsimulia habari zenu, kwamba vijana wamekuja na mgombea wao kashindwa.

"Umewaambia nini?" akauliza.

"Bado sijawaambia."

"Wana sauti nzuri?"

"Mmoja anayo."

Kwake nilisikia magari, hapa kwangu kunguru walikuwa wanagombania ndizi. Nikamwambia, "Mwalimu, njoo basi, hata kwa wiki moja." Akasema, "Mama Idi, magoti haya." Nikasema najua. Hakuaga, na mimi sikuaga. Tulikaa na simu masikioni, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake, mpaka mtandao ukakatika wenyewe.